Kutembelea Anfield: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa shabiki anayesoma Kiswahili, awe Mbagala, Mombasa, Bukavu, Maskati au Birmingham, anayetaka kuingia nyumbani kwa Liverpool kwa miguu yake badala ya kupaona kwenye runinga ya kibanda umiza. Maswali ya mwanzo ni ya msingi. Yale ya watu wenye mazingira ya pekee yako chini.

## Ya msingi

Anfield iko wapi hasa?

Iko katika mji wa Liverpool, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kilomita 3 hivi kutoka stesheni kuu ya treni ya Lime Street. Usitegemee uwanja uliotengwa peke yake kwenye eneo wazi kama ule wa Benjamin Mkapa. Anfield imebanwa na nyumba za watu. Unapita mtaa wa nyumba za matofali mekundu zilizoshikana, unakata kona, na jukwaa kubwa linakuzibia anga.

Uwanja ulifunguliwa mwaka 1884, na timu ya kwanza kuutumia ilikuwa Everton. Mwaka 1892 kukazuka ugomvi wa kodi kati ya klabu na mwenye uwanja, John Houlding. Everton wakafungasha, wakavuka bustani ya Stanley Park na kujenga Goodison Park. Houlding akabaki na uwanja usio na timu, akaanzisha ya kwake: Liverpool. Leo uwanja unachukua watu zaidi ya 61,000, baada ya jukwaa la Anfield Road kuongezwa ghorofa na kukamilika mwaka 2024.

Je, ziara ya uwanja na kwenda mechi ni kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Tiketi ya ziara inakuingiza vyumba vya kubadilishia nguo, njia ya wachezaji na mabenchi, lakini uwanja unakuwa mtupu. Tiketi ya mechi inakupa kelele zote za Anfield, ila ya ndani huyaoni hata moja: unaingia kwa geti lako, unakaa kiti chako, unatoka. Siku ya mechi hakuna ziara ya kawaida. Anayetaka yote mawili anahitaji siku mbili, na afadhali zisifuatane (tazama "Ni siku gani ziara haifanyiki au hukatwa?").

Ziara inapita wapi?

Inaanzia Main Stand, jukwaa kuu lililopanuliwa na kufunguliwa upya Septemba 2016. Unapewa kifaa cha sauti cha kuvaa shingoni na spika za masikioni, kisha unapandishwa juu kabisa. Tumia muda wako hapo. Chini unaona kapeti lote, kushoto na kulia majukwaa ya magoli, na nje, hali ya hewa ikiwa nzuri, unaona Stanley Park na mji hadi upande wa mto Mersey. Upepo wa huko juu ni mkali hata mwezi wa Mei, kwa hiyo koti lisiachwe hotelini.

Kutoka juu mnashuka hatua kwa hatua: chumba cha mikutano ya waandishi wa habari, ambako unaweza kukaa kwenye kiti cha kocha, chumba cha kubadilishia nguo cha timu ngeni, kile cha wenyeji, jezi zikiwa zimetundikwa kila moja mahali pa mchezaji wake, kisha njia ya kuingilia uwanjani hadi ukingo wa nyasi na mabenchi. Kila kituo kina mhudumu wa klabu, na kwa kawaida ni mtu wa Liverpool mwenye utani mwingi. Usikae na spika masikioni muda wote. Mengi mazuri yako midomoni mwa wahudumu hao, hayamo kwenye kifaa.

Tiketi ya kawaida inajumuisha pia jumba la makumbusho la klabu. Humo yamo makombe sita ya Ulaya: 1977, 1978, 1981, 1984, 2005 na 2019. Kuna pia sehemu ya vitu vya Steven Gerrard: jezi, medali, viatu.

Inachukua muda gani?

Ziara yenyewe ni kama saa moja, na makumbusho nusu saa hadi dakika 45. Ongeza foleni ya ukaguzi, duka la jezi na kuzunguka nje. Tenga saa tatu kwa jumla, hutajuta.

Kifaa cha sauti kina Kiswahili?

Hakina. Kuna Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kijerumani, Kichina na lugha nyingine kadhaa. Wanaotoka Kongo, Burundi na Rwanda huona Kifaransa kinawafaa zaidi, kwa sababu maelezo ya Kiingereza yana misemo mingi ya mtaani. Taja lugha yako unapokabidhiwa kifaa, si baada ya kupanda juu.

Naruhusiwa kukanyaga nyasi?

Hapana, hata kidole. Nyasi za Anfield zimeshonewa nyuzi za plastiki ili mizizi ishike, na majira ya baridi huoteshwa kwa taa kubwa zinazosukumwa juu ya magurudumu. Kuna kamba, na kuna mhudumu anayeiangalia kamba hiyo. Usidhani hatua moja ya kupigia picha haitaonekana. Kukaa benchi la ufundi, hilo ruksa.

Na lile bango la "This Is Anfield"?

Liko juu ya ngazi za kushukia uwanjani, na unaweza kuligusa. Liliwekwa enzi za kocha Bill Shankly ili mgeni asome na moyo umwingie baridi. Jürgen Klopp alipofika aliwakataza wachezaji wake kuligusa mpaka washinde kitu. Ziara haina masharti hayo, ina foleni tu. Ukitaka picha isiyo na kichwa cha mtu mwingine, subiri kundi lako litangulie, wewe uwe wa mwisho. Wahudumu hawakatai ukiomba kwa adabu.

## Tarehe, tiketi na malipo

Tiketi ya ziara nainunua wapi, na mapema kiasi gani?

Kwenye tovuti rasmi ya klabu, ukichagua siku na saa. Jumamosi, Jumapili na likizo za shule za Uingereza (Pasaka, Julai hadi Agosti, wiki ya Krismasi) nunua wiki mbili au tatu kabla. Jumanne ya mwezi Novemba unaweza kupata hata asubuhi ile ile. Bei hubadilika kwa msimu. Watoto, wanafunzi na wazee hulipa pungufu.

Kuna pia ziara za bei ya juu zinazoongozwa na mchezaji wa zamani. Kama ulianza kuwashabikia Majogoo wa Anfield enzi za redio ya mkulima, hizo zina thamani yake. Kama ulianza juzi, chukua ya kawaida, fedha inayobaki nunua jezi.

Ni siku gani ziara haifanyiki au hukatwa?

Siku ya mechi ya nyumbani hakuna. Siku moja kabla ya mechi, hasa ya Ulaya, sehemu fulani hufungwa: timu ngeni hufanya mazoezi uwanjani, waandishi huchukua chumba chao, na vyumba vya kubadilishia huandaliwa. Ziara ya siku hiyo huuzwa ikiwa na maelezo kwamba imepunguzwa. Soma maelezo hayo kabla ya kubonyeza "lipa", maana ukishakubali huna dai.

Shida kubwa ni ratiba kuhama. Ligi hupanga mechi Jumamosi, kisha televisheni huisogeza Jumapili au Jumatatu. Siku uliyodhani iko wazi inageuka siku ya mechi. Kwa hiyo anza na ratiba, weka ziara katikati ya wiki isiyo na mechi ya nyumbani, kisha ndipo ununue tiketi ya treni.

Tiketi yangu imeandikwa 10:30. Ni saa ngapi?

Ni saa nne na nusu asubuhi kwa saa zetu. Linaonekana swali dogo, lakini limeshawakosesha watu ziara, hasa wazazi waliotumiwa tiketi na watoto wao. Kanuni ni ile ile: toa sita. 15:00 ni saa tisa alasiri.

La pili ni tofauti ya saa na nyumbani. Majira ya baridi, Uingereza iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Majira ya joto, kwa saa 2. Saa hubadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Mechi ya majira ya baridi uliyoizoea saa kumi na mbili jioni Dar es Salaam au Nairobi, pale uwanjani inaanza saa tisa alasiri.

Naweza kulipa kwa M-Pesa?

Moja kwa moja, hapana. Ila kadi ya Visa inayotengenezwa ndani ya M-Pesa hutumika kwenye malipo ya mtandaoni kama kadi nyingine. Inapogoma, sababu huwa ni mojawapo ya hizi: salio halijafikia bei pamoja na makato ya kubadilisha shilingi kuwa pauni, namba ya usalama ya kadi imeisha muda wakati ukijaza fomu, au jina uliloandika halifanani na la kwenye kadi. Jaza fomu yote kwanza, halafu ndipo utengeneze namba.

Ukifika uwanjani, fedha taslimu hazina kazi. Vibanda vya chakula na vinywaji ni kadi tu, au simu yenye kadi ndani.

Nikichelewa?

Dakika chache, watakuunga na kundi linalofuata kama lina nafasi. Saa nzima ni bahati nasibu, na wikiendi mara nyingi jibu ni hapana. Lenga kufika dakika 30 kabla.

Mwezi gani ni mzuri?

Septemba, Oktoba, na Machi hadi katikati ya Mei. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo ziara ya alasiri utaipiga picha gizani. Mwisho wa Mei hadi Juni kuna mtego wasioujua wengi: msimu ukiisha, nyasi hung'olewa na kupandwa upya, na uwanja hugeuzwa ukumbi wa matamasha ya muziki. Juni 2024 Taylor Swift alipiga hapo siku tatu mfululizo. Mtu amesafiri kutoka Arusha, anafika juu ya Main Stand na kukuta mchanga na jukwaa la chuma.

## Viza na safari

Nahitaji viza?

Kinachoangaliwa ni pasipoti, si mahali unapoishi. Pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inahitaji viza ya mgeni wa kawaida. Hata kama una kibali cha kuishi Ujerumani kwa miaka kumi, bado unaiomba. Mwenye pasipoti ya Oman, ya nchi za Umoja wa Ulaya (isipokuwa Ireland), ya Marekani au ya Kanada haombi viza ya ziara fupi, ila lazima apate kibali cha kielektroniki kiitwacho ETA kabla ya kupanda ndege.

Maombi ya viza hufunguliwa miezi 3 kabla ya safari. Unajaza mtandaoni, unalipa, kisha unakwenda kuchukuliwa alama za vidole na picha. Jibu kwa kawaida huchukua wiki 3. Usinunue tiketi ya ndege isiyorudishwa kabla ya jibu hilo.

Tiketi ya ziara au ya mechi inasaidia kupata viza?

Inaonyesha sababu ya safari, basi. Afisa anataka kujua mambo matatu: nani analipa, fedha hizo zilitoka wapi, na kitu gani kitakurudisha nyumbani. Taarifa ya benki iliyojazwa milioni kadhaa wiki moja kabla ya maombi humtia shaka kuliko akaunti ndogo yenye mwendo wa kawaida. Barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo, leseni ya biashara, cheti cha ndoa: hivyo ndivyo vyenye uzito. Tiketi ya pauni ishirini na kitu haibebi ombi.

Natokaje Lime Street hadi uwanjani?

Basi ndiyo njia rahisi. Namba 17 inatoka kituo cha Queen Square, hatua chache kutoka stesheni, na namba 26 inatoka kituo cha Liverpool ONE. Gusisha kadi unapoingia. Safari ni dakika 15 hadi 25. Siku ya mechi kuna 917, ya moja kwa moja, kutoka St Johns Lane mbele ya stesheni. Njia za mabasi hubadilishwa, kwa hiyo tazama ubao wa kituo kabla ya kupanda.

Hakuna stesheni ya treni mlangoni pa Anfield. Siku ya mechi, treni za Merseyrail hukushusha Sandhills, na basi maalumu hukupeleka uwanjani. Kwa miguu kutoka katikati ya mji ni dakika 45 hivi, sehemu kubwa ikiwa mlima. Teksi ni sawa kwa kwenda; kwa kurudi baada ya mechi ni kupoteza fedha, maana barabara zimefungwa na gari haliendi.

Nipo London. Naweza kwenda na kurudi siku moja?

Kwa ziara, ndiyo. Treni kutoka Euston ni saa mbili na dakika kadhaa. Chukua ziara ya saa saba mchana, upate nafasi ya kuchelewa kidogo. Tiketi ya treni ya bei nafuu inayonunuliwa mapema ni ya treni ile ile iliyoandikwa tu. Ukipanda inayofuata unalipishwa upya, na bei inauma. Kwa mechi ya usiku usijaribu. Mpira unaisha, foleni ya basi ni ndefu, na treni ya mwisho ya London haikusubiri.

Nina sanduku. Nitaliacha wapi?

Si uwanjani. Mabegi makubwa hayapokelewi, iwe ziara au mechi. Siku ya mechi kipimo ni karatasi ya A4: begi likizidi hapo, unarudishwa. Liache hotelini au kwa huduma za kuhifadhi mizigo katikati ya mji.

Kuna mahali pa kuswali?

Ukitoka mjini kuelekea Anfield unaweza kupitia West Derby Road, uliko msikiti wa Abdullah Quilliam, eneo la Brougham Terrace. Ulifunguliwa mwaka 1889 na ndio wa kwanza Uingereza, miaka mitatu kabla klabu ya Liverpool yenyewe kuzaliwa. Hata kwa ziara peke yake unastahili kusimama. Jioni za Desemba, alasiri na magharibi hufuatana upesi mno. Panga saa ya ziara ukijua hilo.

Mama yangu hawezi ngazi nyingi. Itakuwaje?

Kuna lifti, na kuna njia ya kiti cha magurudumu. Sharti ni kuwaarifu unaponunua tiketi, kwa sababu idadi ya viti vya magurudumu kwa kila kundi ina kikomo. Njia ya kawaida ina ngazi nyingi za kushuka, na mtu mwenye magoti mabovu huumia kushuka kuliko kupanda. Usione haya kuomba lifti hata kama hana kiti.

## Siku ya mechi

Napataje tiketi ya mechi?

Kwa njia mbili. Ya kwanza ni uanachama wa klabu, unaolipiwa kila msimu. Uanachama haukupi tiketi. Unakupa haki ya kuingia kwenye kura na foleni ya mtandaoni. Mechi dhidi ya Manchester United, Everton au Arsenal ni karibu haiwezekani kwa mwanachama mpya. Kombe la Ligi katikati ya wiki dhidi ya timu ndogo, unayo nafasi.

Ya pili ni vifurushi vya chakula na kiti vinavyouzwa na klabu. Ni ghali mara kadhaa, lakini ni halali na vina uhakika. Kwa mtu anayelipa viza, ndege na hoteli kwa ajili ya mechi moja, hesabu hii huja kuonekana ya busara.

Kuna mtu mtandaoni ananiuzia. Nimwamini?

Hapana. Kuuza tiketi ya mpira bila idhini ya klabu ni kosa la jinai Uingereza na Wales, chini ya sheria ya mwaka 1994. Halafu tiketi za Anfield siku hizi si karatasi, ni pasi inayokaa ndani ya simu na kusomwa getini. Picha yake uliyotumiwa kwa WhatsApp haifungui chochote. Walanguzi wengine hukukabidhi simu nzima, au akaunti ya mwanachama halisi. Klabu ikigundua inaifungia, nawe unabaki nje ukilisikia jukwaa la Kop likiimba. Kuipata tena fedha yako ni vigumu.

Jukwaa lipi ni zuri?

Inategemea unataka nini. Kop, nyuma ya goli upande wa Walton Breck Road, ndiyo moyo wa uwanja. Jina lilitoka mwaka 1906, kwa kumbukumbu ya mlima Spion Kop nchini Afrika Kusini walikofia wanajeshi wengi wa eneo hili kwenye vita vya mwaka 1900. Watu walikuwa wakisimama humo hadi 1994. Sasa ni viti, lakini mechi karibu yote husimama, kwa hiyo mtoto mdogo hataona kitu. Kwa mtoto, chukua jukwaa la Sir Kenny Dalglish, la ubavuni. Main Stand juu unauona mchezo wote kama ramani, ila mwinuko ni mkali na upepo upo. Anfield Road ni upande wanakokaa mashabiki wageni.

Nifike saa ngapi?

Uwe kitini dakika 10 kabla ya filimbi. Wimbo wa klabu huanza timu zinapokaribia kutoka, skafu zote juu, na ukiwa bado kwenye foleni ya soda umekosa nusu ya ulichokifuata. Geti lisogelee saa moja kabla. Bia inauzwa ndani, lakini huwezi kwenda nayo kitini: sheria ya mwaka 1985 inakataza pombe mahali ambapo uwanja unaonekana.

Nivae jezi gani?

Kwenye ziara, yoyote. Ukivaa ya Mashetani Wekundu jiandae kutaniwa na kila mhudumu. Siku ya mechi, ukiwa upande wa wenyeji, rangi za wapinzani hazikubaliki na unaweza kutolewa. Jezi ya Simba itapita kama ya nyumbani. Ya Yanga nayo haina tatizo, labda tu timu ngeni ikiwa Norwich.

## Ya pembeni

Nitawaona wachezaji?

Kwenye ziara, hapana. Hawafanyi mazoezi Anfield. Tangu Novemba 2020 wako Kirkby, nje ya mji, na kituo hicho hakina ziara ya umma. Waliokuja Anfield siku ya kawaida wakitumaini saini huondoka na picha za wahudumu.

Kuna wachezaji wa kwetu waliowahi kufunga hapa?

Wapo, na ukisimama ukingoni unaweza kuonyesha mahali. Novemba 5, 2019, Mbwana Samatta akiwa na Genk alifunga kwa kichwa kutokana na kona, dakika ya 40. Liverpool wakashinda 2-1. Februari 2018, Victor Wanyama wa Harambee Stars, akiichezea Tottenham, aliuwahi mpira uliopanguliwa na kipa na kuupiga kombora kutoka nje ya boksi, na mchezo ukaisha 2-2.

Kisha kuna Divock Origi. Aliichezea Ubelgiji, lakini baba yake, Mike Okoth, alikuwa mshambuliaji wa Kenya. Mei 7, 2019, Liverpool wakihitaji kuipindua Barcelona iliyoshinda 3-0 nyumbani kwake, kona ya kulia mbele ya Kop ilipigwa haraka wakati mabeki wakiwa bado wanajipanga. Origi peke yake alikuwa macho. Dakika ya 79, ikawa 4-0. Mwambie mhudumu wa ukingoni akuonyeshe kile kibendera cha kona, wote wanakijua.

Nifanyeje kwenye mnara wa Hillsborough?

Punguza sauti, vua kofia ukiweza, na usijipige picha ukicheka. Majina ni 97, ya mashabiki waliofariki kwa msongamano kwenye nusu fainali ya Kombe la FA, uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, Aprili 15, 1989. Wa 97 alifariki mwaka 2021 kwa majeraha ya siku ile. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 10. Kuweka maua au skafu kunaruhusiwa, kwa mashabiki wa timu yoyote. Kwa sababu hiyo hiyo, usitembee mji huu na gazeti la The Sun mkononi: liliwasingizia marehemu, na watu wa Liverpool wamelisusia tangu mwaka ule.

Na uwanja wa Everton?

Goodison Park iko ng'ambo ya Stanley Park, dakika 15 kwa miguu. Ndipo Gor Mahia walipocheza na Everton Novemba 2018 na kufungwa 4-0. Timu ya wanaume ya Everton ilihamia uwanja mpya kando ya mto mwaka 2025, na Goodison sasa ni nyumbani kwa timu yao ya wanawake.

Sina fedha ya ziara. Nje kuna cha kuona bure?

Kipo kingi, na siku isiyo ya mechi hakuna anayekuuliza. Anzia Walton Breck Road kwenye sanamu ya Shankly mikono ikiwa imenyooshwa, nyuma ya Kop. Geti la Paisley liko karibu hapo. Upande wa Main Stand kuna mnara wa Hillsborough, na sanamu ya Bob Paisley akiwa amembeba mgongoni mchezaji wake aliyeumia.

Usiondoke bila kutazama nguzo ndefu ya bendera kwenye kona ya Kop. Ule ni mlingoti halisi wa meli, wa Great Eastern, iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani ilipoundwa na iliyovunjwa kwenye mto Mersey. Mlingoti ulivushwa kwa maji, ukakokotwa na farasi hadi juu mtaani, ukasimikwa. Wengi hupita chini yake wakikimbilia duka la jezi.